Kabla ya Jina

Mjakaranda wa mtaani kwetu ulikatwa Jumanne asubuhi. Kwenye tawi lililoanguka kulikuwa na miche mitatu ya okidi, mizizi imeng'ang'ania gome, bila ua hata moja. Nikapiga picha. Programu ya simu ikanipa majina matatu, moja likiwa la spishi adimu. Haraka haraka nikabandua mche mmoja, nikaenda kuufunga kwa stoking kuukuu kwenye mpera wa nyumbani. Miwili ikaenda na lori.

Wiki iliyofuata, rafiki yangu anayejua mimea aliangalia picha akacheka. “Bila ua siwezi kukuambia. Aerangis na Rangaeris, majani yao yanakaribia kufanana. Lakini usijisumbue, pengine ni ile ya kawaida tu.”

Si nikaacha kuumwagilia maji! Sikuamua. Nilisahau tu, vile mtu husahau kumpigia simu asiyemhitaji. Nilipouona umeanza kunyauka, nilijionea aibu. Mmea ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni jina nililodhani unalo.

Kiswahili kinatumia neno moja, kutambua, kwa mambo mawili: kujua kitu ni kipi, na kukubali kwamba kipo na kina haki yake. Wamakonde wa Kwale wanaijua tofauti hiyo. Majirani waliwajua miaka na miaka, lakini serikali haikuwapa vitambulisho mpaka walipofunga safari ya miguu kwenda Nairobi mwaka 2016.

Utaniambia jina ni kinga, kwamba hakuna anayeenda kortini kutetea “majani fulani”. Ni kweli, ndiyo maana wataalamu wanahangaika kuzitaja spishi moja moja. Lakini hebu tazama mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama. Umeorodhesha familia nzima ya okidi, spishi zaidi ya 25,000, adimu na za kawaida pamoja. Sababu mojawapo ni kwamba afisa wa mpakani hawezi kuzitofautisha zikiwa hazina maua. Yaani sheria ilikubali kwamba haijui, ikalinda kwanza.

Mche wangu haujachanua bado. Siku hizi naumwagilia kila jioni. Ile miwili ya kwenye lori ndiyo hunisumbua, na sijiulizi tena ilikuwa spishi gani. Mpera ulikuwa na nafasi.