Mpangilio: Uko Katika Vitu au kwa Mpangaji?

Hifadhidata ya funguo na thamani huweka kila taarifa chini ya ufunguo mmoja. Maktaba nyingi za programu za aina hiyo, zikiwamo Berkeley DB, LMDB na LevelDB, hutunza funguo zikiwa zimepangwa. Pasipo agizo lolote, mpangilio hufuata baiti: funguo mbili husomwa tangu mwanzo, na zinapotofautiana kwa mara ya kwanza ndipo hukumu inapokatwa. Mwenye haja nyingine anaruhusiwa kuleta kilinganishi chake, yaani kanuni inayopokea funguo mbili na kuamua ipi itangulie, au kwamba ziko sawa. Ruhusa hiyo inazua swali la kale la falsafa: je, mpangilio umo ndani ya vitu vyenyewe, au hutoka kwa anayevipanga?

Visima vya gesi vya kisiwa cha Songo Songo vinatoa mfano wa wazi. Gesi iligunduliwa katika kisiwa hicho cha wilaya ya Kilwa mwaka 1974 kwa kisima SS-1, na mwaka 2004 ikaanza kuzalishwa na kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba. Majina ya visima yakitumika kama funguo, mpangilio wa baiti huweka SS-10, kilichochimbwa mwaka 2007, mbele ya SS-3, kwa kuwa alama ya 1 hutangulia alama ya 3. Kilinganishi kinachosoma tarakimu kama namba kamili hukirudisha SS-10 nyuma ya SS-9. Anayechunguza shinikizo la gesi au kina cha kisima angehitaji mpangilio mwingine kabisa. Katika hali zote hizo, visima ni vilevile.

Hata pale mipangilio miwili inapoafikiana, sababu zake huweza kuwa mbalimbali. Chukua makazi matatu ya Kilwa: kialfabeti, Kilwa Kisiwani hutangulia Kilwa Kivinje, kisha Kilwa Masoko. Kihistoria pia ndivyo: Kisiwani kilitawala biashara ya dhahabu katika zama za kati, Kivinje ikavuma katika karne ya 19, na Masoko ndiyo makao makuu ya wilaya leo. Hiyo ni sadfa tu, maana nahodha atokaye Songo Songo kuelekea kusini hukuta kwanza Kivinje, halafu Masoko, na Kisiwani mwishoni.

Elimu ya Kurani imelijadili swali la chanzo cha mpangilio kwa muda mrefu. Kwa riwaya mashuhuri, aya za mwanzo za Suratul-Alaq ndizo zilizoshuka kwanza, lakini katika msahafu sura hiyo ni ya 96. Wanazuoni wanakubali kwamba mpangilio wa aya ndani ya sura ulitokana na maelekezo ya Mtume. Kuhusu mpangilio wa sura wametofautiana: wapo wanaosema nao ni maelekezo, na wapo wanaosema ni ijtihadi, yaani juhudi ya kufikia uamuzi, ya Masahaba. Pande zote mbili zinautafuta msingi wa mpangilio katika mamlaka ya mpangaji.

Hata hivyo, mpangaji hana uhuru usio na mipaka. Kilinganishi kikiiweka A mbele ya B, na B mbele ya C, sharti A iwe mbele ya C. Jibu la leo pia liwe ndilo la kesho. Sababu ni kwamba utafutaji katika mti wa funguo huacha tawi zima kila hatua, kwa kuamini kwamba kinachotafutwa hakimo humo. Kanuni ikijipinga, taarifa hubaki diskini lakini haipatikani.

Uzito mkubwa zaidi uko katika jibu la usawa. Jina la kisiwa huandikwa "Songo Songo" na pia "Songosongo". Kilinganishi kinachopuuza nafasi kati ya maneno na tofauti ya herufi kubwa na ndogo huyahesabu maandishi hayo kuwa ufunguo mmoja, na thamani inayoandikwa baadaye huchukua mahali pa ile ya awali. Mwanafalsafa Leibniz alifundisha kwamba vitu viwili visivyotofautiana kwa sifa yoyote ni kitu kimoja. Kilinganishi huenda mbali zaidi: huchagua ni sifa zipi zihesabiwe kuwa tofauti.

Kanuni ikishachaguliwa, humfunga kila ajaye. LMDB hudai programu zote zinazoigusa hifadhi zitumie kilinganishi kilekile kila mara. LevelDB huandika jina la kilinganishi ndani ya hifadhi, na hukataa kuifungua kwa jina jingine. Ulinzi huo huishia kwenye jina: kanuni ikibadilishwa huku jina likibaki, hakuna kinachozuia uharibifu.

Kwa hiyo mpangilio haumo katika vitu peke yake, wala si matakwa matupu ya mpangaji. Ni uamuzi unaochaguliwa kwa hiari na kutunzwa kwa wajibu. Anayetaka kuubadilisha hana budi kujenga hifadhi mpya na kuzipanga upya funguo zote.