Dakika Zenu Msimpe Mtu

Wajukuu zangu,

Jumamosi iliyopita nilikaa kwenye lile gogo nyuma ya goli la upande wa mabweni, nikawaangalia mkifungwa mabao 4-0. Filimbi ya mwisho ilipolia mlipita mbele yangu mmoja mmoja, jezi mmezivuta hadi usoni kana kwamba mnafuta jasho, nami nikajua si jasho. "Shikamoo, babu." Niliitikia marahaba nikanyamaza, maana mtu aliyetoka kufungwa hahubiriwi papo hapo. Sasa vumbi limetulia. Mwalimu wenu wa michezo ameniomba niseme neno, nami nimeona niliandike, ili anayetaka kulirudia usiku kabla ya kulala alirudie.

Nilifundisha sekondari miaka 31, huku huku Nyanda za Juu Kusini, na jioni nyingi za miaka hiyo nilizimalizia uwanjani. Kwa hiyo nawaambieni bila kusita: hamkufungwa kwa kuwa hamjui mpira. Mlifungwa kwa kuwa bado ninyi ni wageni mchezoni. Kutojua ni ugonjwa mmoja, ugeni ni mwingine, na dawa zake hazifanani.

Tazameni kalenda. Mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, hufika ngazi ya taifa katikati ya mwaka, na kabla ya hapo kuna shule, kata, wilaya na mkoa. Kidato cha Sita wana mtihani wao Mei. Kidato cha Nne wana wao Novemba, na wazazi wanawabana wakae na vitabu. Basi kila mwaka kikosi kinavunjikia pale pale. Anaondoka beki wa kati aliyejua kupanga ukuta, anaondoka kiungo aliyejua lini aukimbize mpira na lini aulaze, na nafasi zao wanaingia watoto wa Kidato cha Pili na cha Tatu ambao mwaka jana walikuwa wakiokota mipira nyuma ya goli. Timu ya shule haizeeki. Kila msimu huzaliwa upya, na mtoto mchanga halaumiwi kwa kutambaa.

Nimeyahesabu mabao yenu manne. La kwanza lilitokana na kona: nyote mliutazama mpira, hakuna aliyemtazama mtu. La pili liliingia wakati bado mnabishana nani alikosea kwenye la kwanza. La tatu, beki wa kulia alipanda, na hakuna aliyerudi kuziba nafasi yake. La nne, kipa alitoka bila kusema neno, beki naye akarudi bila kusema neno, mpira ukapita katikati yao. Katika mabao hayo yote sikuona hata moja lililoingia kwa sababu fulani hana kipaji. Niliona watu kumi na mmoja ambao bado hawajawa timu.

Sasa sikilizeni kiini cha maneno yangu. Uzoefu haurithiwi wala hauuzwi dukani. Una ada yake, na ada hiyo hulipwa kwa dakika za mechi: dakika unapopumua kwa shida, refa hakusikilizi, watu pembeni wanakuzomea, na mpira unakuja kwako. Hakuna anayeweza kukulipia. Anayezichukua dakika zako, hata kama ameleta kombe, amekuibia.

Nalisema hili kwa kuwa niliwahi kushiriki wizi huo. Katika shule moja niliyofundisha tulikuwa na kikosi kichanga kama chenu. Tukafungwa mechi mbili za kirafiki, uongozi wa shule ukaogopa aibu. Wakaletwa mamluki watatu kutoka timu ya mtaani, mmoja wao mtu mwenye mke na mtoto. Wakavalishwa jezi zetu na kupewa majina ya wanafunzi waliokuwa hawachezi. Nilijua, na mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa michezo, na sikufungua mdomo. Tukachukua ubingwa wa kata. Mbuzi akachinjwa, mkuu wa shule akapeana mikono na wageni.

Jioni ile, nikikusanya jezi, kijana wa Kidato cha Pili, beki wa kushoto, alinikabidhi yake ikiwa safi, imekunjwa vile vile nilivyompa asubuhi. Akaniuliza, "Mwalimu, na mimi nitacheza lini?" Sikuwa na jibu. Mwaka uliofuata mamluki walikwenda kwa waliowapa zaidi, na tukabaki na kikosi kile kile kichanga, ila sasa kimepoteza mwaka mzima. Kijana yule hakurudi uwanjani. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri makalio. Nimelibeba swali lake hadi uzeeni, na ndilo linaloniandikisha barua hii.

Nasikia tayari kuna wanaonong'ona kwamba hapa kijijini wapo vijana waliomaliza shule ambao wangeweza "kuwasaidia". Wajukuu zangu, kataeni. Kataeni kwa adabu, lakini kataeni. Heri kufungwa sita mkiwa ninyi kuliko kushinda sita mkiwa wengine.

Msimu uliofuata aibu ile nilianza upya, bila mtu wa kuazima. Mechi ya kwanza tulifungwa 6-0. Kipa wetu alikuwa wa Kidato cha Pili, tuliyemweka golini kwa sababu moja tu, urefu. Ilikuja krosi kutoka kushoto, ikaelea. Akatoka kimya. Beki wake akaruka kimya. Vichwa vikagongana, wote wawili wakaanguka, na mpira ukadunda taratibu mara mbili ukaingia wavuni. Kijana aliinuka na uvimbe juu ya jicho, akawa anatutazama kama aliyekosea njia usiku.

Jumatatu sikuchora chochote ubaoni. Nilimweka golini, kati ya ile milingoti miwili tuliyoifanya nguzo, nikapanga wachezaji sita mbele yake, nikawa narusha mpira kwa mkono. Sharti lilikuwa moja: asiuguse kabla hajaita "Kipa!" Mara ya kwanza alinong'ona, wenzake wakacheka. Nikawaambia anayecheka aingie golini yeye. Hakucheka mtu tena. Tukarusha hadi ukungu ukashuka na mpira ukawa hauonekani vizuri, akawa anaita kwa kukisia. Jioni ya tatu sauti yake ilifika jikoni, mpishi akatoka na mwiko mkononi kutazama kuna nini.

Mwaka ule tulifungwa sita, kisha tatu, kisha moja, na mechi ya mwisho tukatoka 0-0 na wale wale waliotufunga sita. Hatukuvuka hata kata. Hakuna mbuzi aliyechinjwa. Lakini mwaka uliofuata wachezaji wale wale, wakiwa wamekua kwa mwaka mmoja tu, walifika wilayani, na wawili wakachaguliwa kombaini ya wilaya. Mmoja wao alikuwa kipa.

Msidhani ada hii inalipwa na shule za vijijini peke yake. Aprili 2019 Serengeti Boys, vijana wa umri wenu, walicheza fainali za Afrika za chini ya miaka 17 nyumbani, Dar es Salaam. Mechi ya kwanza na Nigeria walikuwa nyuma, wakarudi, wakaongoza 4-3, kisha wakafungwa 5-4. Wakapoteza na mbili zilizofuata. Hata hivyo mpira wao haukuishia pale: Kelvin John, aliyekuwa katika kikosi kile, baadaye alikwenda Ubelgiji kuchezea Genk. Mwaka huo huo kaka zao wa Taifa Stars walirudi kwenye fainali za Afrika, kule Misri, baada ya miaka 39 tangu 1980. Walipoteza zote tatu, na ile ya Kenya waliongoza mara mbili wakaishia kufungwa 3-2. Kushika uongozi na kuulinda ni masomo mawili. Januari 2024 nchini Ivory Coast, Taifa Stars walifungwa 3-0 na Morocco, lakini wakatoka 1-1 na Zambia na 0-0 na Kongo. Pointi mbili. Aliyezidharau hakujua zilitoka wapi.

Basi dakika zenu mzitumieje? Nitawapa machache, na yote nimeyaona yakifanya kazi.

Ongeeni. Timu ngeni hujulikana kwa ukimya wake. "Mtu nyuma!" "Geuka!" "Achia!" Maneno hayo hayahitaji kipaji wala njumu mpya. Asiye na mguu mzuri bado ana mdomo wa kumwokoa mwenzake.

Mkifungwa, zilindeni dakika tano zinazofuata kuliko dakika nyingine zote. Nahodha achukue mpira wavuni yeye mwenyewe, aubebe hadi katikati bila kumtazama mtu vibaya. Maswali ya nani alikosea yasubiri mazoezi ya Jumatatu. Uwanjani kosa la mmoja ni la mstari mzima. Beki aliyelaumiwa mbele ya watu, mpira unaofuata ataupiga popote ili tu umtoke.

Kila baada ya mechi, chagueni kosa moja mlifanyie kazi wiki nzima. Moja tu. Kocha anayerekebisha makosa kumi kwa wiki harekebishi hata moja. Wiki hii nawashauri mwanze na kona: kila mtu na mtu wake, na mmoja kwenye kila nguzo.

Ninyi wa Kidato cha Nne mliobaki watatu, nina neno lenu. Najua mnatamani mechi zenu za mwisho ziwe za ushindi, na inawauma kucheza na watoto wanaopoteza mpira. Lakini mliyojifunza mkiondoka nayo yatakuwa yamepotea. Kila mmoja achukue mdogo wake anayecheza nafasi ile ile, amfundishe jioni moja moja. Siku mtakaporudi kuchukua vyeti mtamkuta amesimama pale mliposimama, naye atawaamkia kaka.

Mliopo benchi, msihesabu dakika za wenzenu kwa kijicho. Mtazame anayecheza nafasi yako, uone anachokosa, ili siku ukiitwa uingie ukijua. Nawe mwalimu, mwanangu, usiwafiche benchi hadi wapoteze hamu. Mpe mtoto dakika kumi, hata tukiwa nyuma. Naandika haya nikimkumbuka beki wangu wa kushoto.

Na vitabu vina dakika zao pia. Mpira unaokunyima kufaulu umekugeuka. Mwenye kulala darasani kwa uchovu wa mazoezi aje aniambie, tutamwombea apunguziwe. Na anayeficha maumivu ya goti ili asitolewe kikosini, aseme leo, kwa sababu goti ni moja na mechi ni nyingi.

Watakuwepo watakaowacheka. Wale waliowafunga Jumamosi watapita njia ya sokoni wakionyesha vidole vinne. Waacheni, na msiwajibu kwa matusi wala ngumi, maana refa wa njiani hayupo na adhabu ya mkuu wa shule ipo. Nao wana Kidato cha Nne wengi kikosini. Mwakani watakuwa wachanga, nanyi mtakuwa mmeshalipa.

Siwaahidini kombe. Mzee anayeahidi kombe anawadanganya watoto. Huenda mkafungwa tena Jumamosi, pengine hata zaidi ya mara moja kabla msimu haujaisha. Ninachojua ni kwamba hakuna dakika moja mtakayocheza ninyi wenyewe, kwa majina yenu wenyewe, itakayopotea bure.

Jumamosi ijayo, Mungu akipenda, nitakuwa kwenye gogo lile lile nyuma ya goli. Macho yangu siku hizi huona kwa shida upande wa pili wa uwanja. Lakini masikio bado ni mazima. Mpira ukielea kutoka kushoto, nitasubiri kuisikia sauti ya kipa wenu.

Babu yenu