Raha ya Ziwani na Haki ya Jirani

Vijana wetu hutuuliza mara kwa mara: Je, Mkristo aweza kufanya safari ya raha tu, bila kazi wala shida ya kumpeleka? Wazee wa milima ya Masisi hawakuzoea safari ya namna hiyo. Mtu aliondoka nyumbani kwa sababu: soko, msiba, posa, deni, au kukimbia. Aliyesema "naenda kuona tu" alidhaniwa kuwa mvivu au mpelelezi. Na katika nchi hii ambamo maelfu hutembea kwa sababu wamefukuzwa makwao, swali lenyewe lazidi kuwa gumu. Twataka kulijibu, lakini hatuwezi kulijibu vizuri bila kuungama kwanza kosa letu wenyewe.

Mwezi wa Julai 2022, shule zilipofungwa, tuliwachukua vijana 28 wa parokia, wengi wao wa chama cha Xaveri, kwenda kutazama visiwa vya Ziwa Kivu kwa siku moja. Walikuwa wamechanga faranga mwaka mzima kwa kufyatua matofali na kubeba viazi siku za soko. Baadhi yao walikuwa watoto wa Walikale waliokuja kusoma kwetu. Hao waijua mito, Lowa na Oso, na mtumbwi wa gogo moja usukumwao kwa upondo. Ziwa walikuwa hawajapata kuliona.

Tulishuka mpaka ufuo mmoja karibu na Sake, pale ambapo nchi ya Masisi yagusa maji ya Ghuba ya Kabuno. Ghuba hiyo nusura itengwe na ziwa. Mlima Nyamulagira ulipowaka mwaka 1938, mawe yaliyoyeyuka yalitiririka hadi majini, yakaacha mlango mwembamba tu wa kupitia vyombo. Hapo tulipatana na mtu mwenye mashua za mbao, zile ambazo watu wetu huziita bwato, ndefu, zenye injini ndogo nyuma na makasia mawili kwa siku ile injini itakapogoma. Tulidai jambo moja tu: kila kijana avae jile, yaani koti la kuelea majini. Tulikumbuka ajali ya Aprili 2019 upande wa Kalehe, ambapo watu wengi walipotea, hata Rais Tshisekedi akaamuru kila abiria wa ziwa avae koti hilo. Mwenye mashua akakubali. Tukalipa, tena tukalipa vizuri.

Asubuhi yake tukaona jinsi alivyotimiza ahadi. Alikuwa na mashua mbili. Ya pili ilikuwa ikipakia akina mama wa soko waendao Idjwi, na magunia yao ya maharagwe na viazi. Jile zake zote zilikuwa 32, nasi tulikuwa 31 pamoja na walezi. Akaingia katika mashua ya akina mama, akazikusanya jile zilizokuwa chini ya mabenchi, akatuletea sisi kwa mafungu, mikono imejaa. Mama mmoja akauliza, "Hizo zinakwenda wapi?" Naye akajibu bila ukali, "Mama, hawa wamelipa." Mama hakusema neno tena. Akapanga magunia yake, akaketi juu yake.

Msichana mmoja wa kwetu, wa miaka 16, alikuwa amekwisha kufunga kamba za jile yake. Akatutazama, akasema, "Mwalimu, na wale mama?"

Tukamjibu, "Hilo ni la mwenye mashua, binti. Panda."

Akapanda, nasi tukapanda. Na siku ile ilikuwa nzuri sana, tusiseme uongo. Upepo ulikuwa bado umelala. Tulipita karibu na Tchegera, kisiwa cha mawe meusi kilichopinda kama mwezi mchanga, ambacho ni ukingo wa shimo la volkano ya kale. Hatukushuka, kwa kuwa ni mali ya Hifadhi ya Virunga, lakini mwenye usukani alikizunguka polepole. Tukakutana na wavuvi wa sambaza wakirudi kutoka kazi ya usiku, mitumbwi mitatu imeungwa pamoja, miti mirefu ya nyavu imenyooka mbele na nyuma kama ndevu za mdudu, nao wakiimba ili makasia yaende pamoja. Vijana walistaajabu kusikia kwamba sambaza si mwenyeji: aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndiye mboga ya maskini na tajiri. Waliuliza kama kuna mamba. Hakuna mamba wala kiboko katika Kivu; chini lakini kuna kina cha mita 480 hivi, na katika kina hicho imefungwa hewa ya sumu. Mvulana mmoja wa Walikale, aliyekuwa ameshika ubao kwa mikono miwili tangu tuondoke, alijipa moyo kwa kutusimulia habari za Mwindo wa Wanyanga, aliyefungiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni na baba yake mwenyewe, na ngoma ikapanda mto badala ya kushuka. Alipofika kwenye ngoma alikuwa ameuachilia ubao. Tukashuka katika visiwa viwili vidogo, kisha ncha ya kaskazini ya Idjwi, tukasali Rozari chini ya mti, tukala mananasi hata midomo ikawasha.

Jioni tulirudi salama. Mashua ya akina mama nayo ilirudi salama. Hakuna aliyekufa. Basi, kosa li wapi?

Kwanza tuondoe kosa lisilokuwapo. Kupumzika si dhambi. Thomas Mtakatifu wa Akwino, katika Summa yake, auliza kama katika michezo na furaha yaweza kuwapo fadhila, naye ajibu kwamba ndiyo. Tena asema mtu asiyejua kabisa furaha na kuwalemea wenzake kwa uso wa ukali, huyo naye amekosa. Katika mahali hapo asimulia habari ya kale juu ya Yohane Mwinjili. Watu walichukizwa kumkuta akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja wao, aliyekuwa na upinde, apige mshale, na mwingine, na mwingine. Kisha akamwuliza kama angeweza kupiga siku nzima bila kuacha. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Ndivyo na roho ya mtu, akasema Yohane. Hata Bwana wetu, Mitume walipochoka, aliwaita kando wakapumzike, na waliondoka kwa mashua. Watoto wetu, ambao wengi wao wamesikia risasi kabla ya kusikia kinanda, wana haki ya siku moja ya mananasi. Atakayetuambia tungoje mpaka vita viishe ndipo tuwafurahishe watoto, huyo hajui ni vita vya miaka mingapi, wala utoto ni wa miaka mingapi.

Lakini Marko ameandika pia yaliyofuata. Makutano waliiona mashua, wakakimbia kwa miguu kando ya ziwa, wakafika mbele yao. Na Bwana hakumwambia Petro ageuze usukani watafute ufuo mwingine. Aliwahurumia, akaanza kuwafundisha. Mapumziko yalikuwa halali, na makutano walikuwa makutano, hakujifanya hawaoni.

Sisi tulijifanya hatuwaoni. Tumejitetea mioyoni mwetu kwa maneno mengi, maana mtu aliyesoma seminari hakosi maneno. Tulisema: mapendo yana utaratibu wake, wazazi walitukabidhi watoto hawa, basi hao ndio wa kwanza. Hiyo ni kweli, na Thomas huyohuyo aifundisha. Lakini utaratibu wa mapendo hukuonyesha umsaidie nani kwanza usipoweza kuwasaidia wote. Haukupi ruhusa ya kumvua mmoja ili kumvika mwingine. Nasi hatukujua kama tumeshindwa kuwasaidia wote, kwa sababu hatukujaribu. Hatukuuliza kama jirani wa mwenye mashua ana jile za kukodi. Hatukusema tungoje, wala tuende nusu leo na nusu kesho.

Tulisema tena: wale mama wamezoea. Wengine husema jile hunuka, yaunguza shingo, yazuia kunyonyesha. Labda ni kweli kwamba jile zingebaki chini ya mabenchi siku nzima bila kuvaliwa. Lakini kitu kilicho chini ya benchi mtu aweza kukivuta chombo kinapoyumba. Kilichochukuliwa hawezi kukivuta. Na mama yule aliuliza. Mtu aliyezoea haulizi.

Neno lililotushinda kujibu ni lile la mwenye mashua: "Hawa wamelipa." Maana wale mama nao walilipa! Walilipa nauli yao, na ushuru wa magunia juu yake. Nauli yao ilikuwa ndogo kuliko yetu, ndiyo. Basi hapo ndipo tukaona jambo lenyewe. Tulidhani kwamba tumewanyima akina mama sadaka, yaani kitu chema ambacho mtu akikitoa asifiwa, asipokitoa halaumiwi. La, jile ile ilikuwa haki yao. Amri ya mwaka 2019 haikusema "kila mtalii" wala "kila mwanafunzi", ilisema kila abiria. Fedha yaweza kununua benchi la mbele, kivuli, safari ya polepole kuzunguka Tchegera. Haiwezi kununua kipimo cha uzito wa uhai, kwamba huyu azame na yule aelee. Mtume Yakobo aliwakemea Wakristo waliompa mwenye nguo nzuri kiti cha heshima na kumwambia maskini asimame pale. Kule lilikuwa jambo la kiti tu.

Hatutaki kumhukumu mwenye mashua. Naye ana hesabu zake. Petroli ni ghali, vizuizi vya kutoza fedha ni vingi, na akipunguza abiria lazima apandishe nauli, na mama wa viazi hawezi kulipa zaidi. Ni kweli kabisa kwamba katika jambo hili maskini hubanana na maskini, na wenye mamlaka ya kukagua bandari hukaa pembeni. Ila asisikilizwe yule asemaye kwamba Mungu akipanga amepanga. Kuingia majini katika chombo kilichojaa kupita kiasi na kumwachia Mungu yaliyobaki, katekisimu huita kumjaribu Mungu.

Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua MV Merdi, iliyotoka Minova imejaa watu na mizigo, ilizama karibu na bandari ya Kituku pale Goma, watu wa ufuoni wakitazama. Tangu Februari mwaka ule vita vilikuwa vimekata barabara ipitayo Sake, hata waliozoea gari wakalazimika kupanda vyombo vya majini. Gavana wa Kivu ya Kusini alitaja abiria 278 na wafu 78. Hesabu nyingine zilizotolewa hazikulingana na hiyo. Mambo kama hayo yalikuwa yametokea katika Ziwa Viktoria mwezi wa Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu kabisa na gati la Ukara. Tulipozisoma habari za Kituku, hatukukumbuka kitu kingine ila mikono ile iliyojaa jile.

Usiku ule tulifungua Matendo ya Mitume, sura ya 27, habari ya Paulo kuvunjikiwa na jahazi. Twaisoma kila mwaka na wakatekumeni, lakini hatukuwa tumeona kwamba Luka ametaja hesabu ya watu: 276, karibu sawa na ile ya gavana. Humo walikuwamo akida, askari, mabaharia na wafungwa, na wote wamehesabiwa pamoja. Mabaharia walitaka kutoroka kwa siri katika mtumbwi mdogo, kwa kuwa wao ndio waliokuwa na ufundi wa kuushusha. Paulo akawaambia akida na askari kwamba hao wasipobaki jahazini, wengine hawataokoka. Askari wakakata kamba, mtumbwi ukaenda na maji. Jambo la kutisha, ukilifikiri: chombo cha kuokoa kikatupwa! Lakini kilikuwa chombo cha kuwaokoa wachache dhidi ya wengi. Na mwisho wake Luka asema wote walifika nchi kavu, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao.

Katika mashua zetu, mara nyingi hakuna aandikaye majina. Chombo kikizama, huulizwa tu nani hakurudi nyumbani.

Tangu Januari 2025, vita vilipoingia Sake na Goma, vijana wa safari ile wametawanyika. Baadhi wako Uganda, mmoja twajua yuko Kisangani. Msichana aliyetuuliza juu ya wale mama alivuka na mama yake kwenda Idjwi, katika mashua ya wakimbizi. Alituandikia kwa simu maneno machache: wamefika, mdogo wake ana homa, jile zilikuwa nne katika mashua nzima, wakawavika watoto wachanga kwa kuzifunga mara mbili. Hakutukumbusha neno la mwaka 2022. Labda amelisahau.

Sisi tuliobaki tulilileta jambo hili mbele ya shirika letu. Lilizungumzwa Jumapili mbili, tena kwa ukali, maana wengine walisema fedha iende kwanza kwa chumvi na sabuni za waliokimbia, na hawakuwa na kosa kusema hivyo. Mwishowe zilipatikana za kununua jile sita. Zimewekwa nyumbani kwa mama mmoja aishiye karibu na ufuo, naye huziazimisha bila malipo kwa mwenye kuvuka na mtoto, huandika jina la kila aliyechukua. Mwenye mashua alipoziona alicheka, kwamba sita ni nini. Kisha akauliza kama aweza kuazima mbili kwa Jumanne, siku ya soko.