Mgeni Aliyeokota Kuni

Somo letu ni Matendo ya Mitume 28:1–10.

Wengi mnajua kwamba Agosti niliomba likizo wodini, nikaenda kufanya kazi ya uuguzi kwenye meli ya watalii katika bahari ya barafu. Tulitia nanga Ittoqqortoormiit, mashariki mwa Greenland. (Msiniombe kulitamka.) Ni kijiji cha watu kama 350, kilichoanzishwa mwaka 1925. Barafu hufunga bahari sehemu kubwa ya mwaka, na meli za mizigo hufika kiangazi tu. Nyumba zimepakwa rangi nyekundu, bluu na njano, na mbwa wanaovuta sleji kwenye theluji wamefungwa nje.

Tulishuka kwa boti za mpira, kila mmoja na kamera yake. Mtoto wa kama miaka mitano alikuwa amekaa kwenye ngazi za kwao. Nikampiga picha. Mama yake akatoka, hakusema neno, akamgeuza uso na kumwingiza ndani.

Nilibaki pale na aibu yangu. Nilipokuwa mdogo kwetu Marangu, watalii waliokwenda Kilimanjaro walinipiga picha nimebeba majani ya ng'ombe, kamasi puani. Mama alichukia sana. Huenda picha ile iko kwenye albamu ya mtu hadi leo, bila jina langu. Na sasa mzungu nilikuwa mimi! Niliifuta ya yule mtoto, lakini mlango ulikuwa umeshafungwa.

Someni tena habari ya Malta. Paulo amevunjikiwa na meli, wenyeji wanawasha moto kwa sababu ya mvua na baridi. Sisi hukimbilia nyoka. Safari hii mimi nimekwama kwenye kuni: Paulo mwenyewe aliinama akaziokota. Baadaye ndipo akaingia chumbani kwa mzee mwenye homa na kuhara damu, akaomba, akamwekea mikono.

Desemba inakuja, tutakwenda nyumbani. Hapa nikimpiga picha mgonjwa bila ridhaa yake naweza kupoteza kazi, na ni haki. Lakini tukifika kwetu, babu amelazwa, tunainua simu, na kabla ya jioni yuko kwenye makundi manne ya WhatsApp, mdomo wazi. Chini tunaandika: tumwombee.

Simu yangu bado ina picha ya shangazi yangu kitandani, mpira wa mkojo unaonekana. Sikumwomba ruhusa. Leo baada ya ibada nitampigia.