Yatima, Mjane na Kitanda cha Sadaka

Kwamba kumsaidia yatima ni wema, hakuna dini inayolitilia shaka. Kinachohitaji kuulizwa, na ambacho historia ya makao ya watoto katika miji ya Jinja na Mbale nchini Uganda inalazimisha kiulizwe, ni kama mtoto anayepewa kitanda, chakula na shule anaweza wakati huohuo kunyimwa haki iliyo kubwa kuliko hivyo vyote.

Kabla ya makao hayo, jibu la nani amlee yatima lilitoka kwenye ukoo. Kwa Wasoga wa eneo la Jinja, mrithi wa marehemu alipokuwa mdogo ukoo ulimteulia omukuza, yaani mlezi wa kumtunza yeye na mali yake mpaka akue. Na ingawa walezi wenye tamaa waliila mali hiyo, jambo ambalo halifai kufichwa, utaratibu wenyewe ulimhesabu mtoto kuwa mwenye haki na mwenye mahali pake. Wamisheni walipoanzisha makao, mfano wa Sanyu iliyofunguliwa Kampala mwaka 1929, walikusudia hasa kuokoa wachanga waliofiwa na mama au kutupwa, na hakuna anayeweza kuwalaumu kwa hilo. Hali iligeuka baadaye. Waasia walifukuzwa mwaka 1972 na viwanda vya Jinja vikadorora, kisha vita na UKIMWI vikawaondoa wazazi wengi. Makanisa na wafadhili wa ng'ambo wakajenga makao kwa wingi, hasa tangu miaka ya 1990, hata makadirio yaliyotajwa sana katika muongo wa 2010 yakafikisha watoto 50,000 hivi nchini kote. Wengi wao walikuwa na mzazi aliye hai au ndugu wanaojulikana, hivyo kilichowafikisha makaoni kilikuwa umaskini wa nyumbani kuliko kifo.

Umaskini huohuo uliwagawa watoto kwa njia nyingine. Aliye mdogo na mtulivu aliitwa yatima akapokewa na sadaka, ilhali kaka yake mkubwa aliyezoea mitaa ya sokoni angeweza kukamatwa kwa wizi mdogo na kupelekwa mahabusu ya watoto ya Mbale, ambamo serikali huwaweka watuhumiwa waliotimiza miaka 12, umri ambao kuanzia hapo sheria ya Uganda humwona mtoto kuwa na jukumu la jinai. Ni vigumu kueleza kwa hoja yoyote ya maadili kwa nini mmoja alistahili huruma na mwingine kufuli.

Mbale ni mji unaofaa kuzingatiwa katika swali hili, kwa kuwa makanisa yake, Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichofunguliwa mwaka 1988, na Wayahudi wa Abayudaya wa kilima cha Nabugoye huvisoma vitabu vitatu ambavyo vyote humtaja yatima. Torati humwachia yeye na mjane masazo ya mavuno shambani. Waraka wa Yakobo huwataka waumini wawaendee yatima na wajane katika dhiki yao. Na Kurani, katika Surat An-Nisaa, hulinda mali ya yatima, kisha katika Surat Al-Ahzab huagiza watoto wa kulea waitwe kwa majina ya baba zao, agizo lililo msingi wa kafala, yaani malezi yasiyofuta nasaba. Torati na Yakobo huwataja mama na mtoto pamoja, lakini makao humchukua mtoto na kumwacha mjane na njaa yake, na kwa kufanya hivyo huwatenganisha wawili ambao maandiko yamewaunganisha.

Hasara ya kumtenga mtoto na jamaa zake huonekana waziwazi katika imbalu, tohara ya Wagisu wa eneo la Mbale inayofunguliwa uwanjani Mutoto katika miaka inayogawika kwa mbili. Kijana hupita kwa jamaa zake, hutahiriwa mbele ya watu wa ukoo wake, na kwa tendo hilo huwa mwanamume anayeweza kudai sehemu ya ardhi ya baba; aliyekulia makaoni bila kujua ukoo wake anaweza kutahiriwa hospitalini, lakini hana wa kumpokea wala shamba la kudai.

Hata hivyo, wapo watoto ambao nyumbani kwao ni hatari, na kwao makao ni ya lazima. Sheria ya Watoto inalitambua hilo, kwani humruhusu mtoto kuwekwa makaoni kwa amri ya mahakama isiyozidi miaka 3, na marekebisho ya mwaka 2016 yalibana njia za kuwapeleka watoto ng'ambo. Ila sheria haikuubadili mkondo wa fedha: mfadhili akimlipia mtoto aliyemo ndani ya ukuta, meneja anayemrudisha kwa bibi yake hupoteza mchango ambao, ungalimfuata mtoto huyo mpaka kijijini kwao Bududa au Kamuli, ungalitosha kumnunulia bibi mbuzi na kumlipia mjukuu ada ya shule.