Je, Asiyetenda Neno Aweza Kuwa na Hatia?



Mzee mmoja wa darasa letu aliniuliza hivi: "Mwalimu, mwizi ana hatia, nafahamu, maana mkono wake umechukua. Lakini yule ambaye mkono wake haukutenda neno lolote, hatia yake yakaa wapi?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Siku zile nilikuwa na hatia ya namna hiyo hiyo, wala nilikuwa sijamwambia mtu.

Basi sikilizeni habari yenyewe. Shule yetu ina shamba la mahindi na maharage katika vilima visivyo mbali na Bunia. Humo twatumia trekta dogo la bustani, la magurudumu mawili, ambalo mtu huliongoza kwa mishikio huku akitembea nyuma yake. Ni la kale. Lilitoka Ulaya miaka mingi kabla sijazaliwa. Kijana mmoja aliajiriwa aliendeshe, nami nikapewa kazi ya kulitunza. Kila Jumamosi niliagizwa kuangalia petroli, mafuta ya injini na mafuta ya gia, kisha kuandika katika daftari. Petroli niliiangalia. Mafuta ya injini niliyaangalia, maana kijiti chake cha kupimia ni rahisi kuchomoa. Mafuta ya gia sikuyaangalia hata mara moja kwa muda wa miezi mitano, lakini kila Jumamosi niliandika: "Yamekaguliwa."

Pengine ninyi hamjapata kuona sanduku la gia likiwa wazi. Ni sanduku la chuma lililofungwa pande zote. Ndani yake mna magurudumu yenye meno, yanayopokezana nguvu ya injini mpaka ifike kwenye magurudumu ya chini. Meno hayo husukumana na kusuguana kwa nguvu nyingi, na kama chuma kingegusa chuma, yangelika upesi. Kwa hiyo hutiwa mafuta, mazito kama asali, nayo hukaa kati ya jino na jino kama ngozi nyembamba. Sanduku halijazwi pomoni. Gia iliyo chini huzama kidogo katika mafuta, na inapozunguka huyarusha juu kwa wenzake, ili wote wapate, na joto lao lipungue. Mafuta yakishuka hata gia ya chini isiyaguse, hakuna hata moja ipatayo kitu.

Sasa tazameni tofauti. Petroli huliwa na injini, na ikiisha injini huzimika. Hata mtoto atajua. Mafuta ya gia hayaliwi. Yakipungua, yamevuja penye mpira uliochakaa kando ya mhimili, tone baada ya tone, na nyasi huyaficha. Nayo yakiisha, trekta halizimiki. Injini huimba vilevile, mistari hulimwa vilevile, mpaka siku ile meno yanapokatika.

Na kukagua si kazi kubwa. Trekta husimamishwa mahali palipo sawa. Ubavuni mwa sanduku mna kizibo. Ukikifungua kwa spana na kutia ncha ya kidole, mafuta yapasa kuwa pale pale mdomoni mwa tundu. Yasipofika, utaongeza polepole, maana mafuta mazito hayana haraka, mpaka yaanze kutoka. Hapo uache. Yakizidi hupata moto na kufanya povu, kisha huisukuma mipira mpaka ivuje. Ukiyaona meupe kama maziwa, ujue maji yameingia. Ukiona yanametameta kwa chembe za chuma, ujue meno yanalika. Na siku ya kuyabadili yote, fungua kwanza kizibo cha kutilia, kabla ya kile cha kumwagia, usije ukamwaga mafuta yote ndipo ugundue kwamba huna pa kutilia mengine.

Kukagua huko huchukua dakika 10. Lakini kizibo kilikuwa kimeshika kutu, spana iliyofaa ilikuwa kwa jirani, na Jumamosi nilikuwa na kwaya. Hizo ndizo sababu zangu zote.

Mvua za Machi zilipoanza, tulipokuwa tukiharakisha kulima, trekta lilitoa mlio mmoja mkali likasimama. Fundi aliyetoka Bunia alipofungua kizibo cha chini, yalitoka mafuta yasiyojaza kikombe, meusi, na vipande vya meno ndani yake. Watu wote wakamtazama kijana. Ni nani mwingine aliyekuwa ameshika mishikio? Wakasema amelazimisha gia. Yeye akajibu, "Nimeendesha kama siku zote." Daftari likaletwa, nalo likashuhudia kwamba mafuta yalikaguliwa Jumamosi iliyotangulia. Hivyo mwandiko wangu ukamhukumu. Alikatwa mshahara wa miezi miwili, kisha akaachishwa kazi. Mimi nilikuwapo. Siku ile sikusema uongo, sikusema neno.

Narudi kwa swali la mzee. Watu hupenda kudhani kwamba hatia yataka tendo: sikupiga, sikuiba, basi mimi ni safi. Lakini mwenye mtumbwi kule Kasenyi, aonaye ufa katika mbao zake akanyamaza, akapakia watu na kuwaacha waende ziwani, je, hakutenda neno? Wala hakuupasua mtumbwi. Hata hivyo hakuna mjane wa Kasenyi atakayemwita msafi. Katika sala ya toba ya Misa, tangu Misale ya mwaka 1970, twautaja pia wajibu tulioacha kuutimiza. Misale ya zamani ilitaja mawazo, maneno na matendo tu. Naona waliouongeza walizijua daftari za watu kama mimi.

Lakini tusimtwike kila mtu. Mpita njia aliyeona doa la mafuta katika nyasi hakupewa kazi ya kulichunguza. Mimi nilipewa. Tena si kila asiyejua analaumika. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba kutojua ni kosa pale tu mtu anapozembea kujua yale yanayompasa na awezayo kuyajua. Fundi alinipa mfano mzuri wa jambo hili bila kukusudia. Alinionyesha kwamba gurudumu moja la ndani si la chuma bali la shaba iliyochanganywa na bati, kama zilivyo baadhi ya mashine za kale. Kuna mafuta ya gia ya siku hizi, yenye nguvu, yaliyotiwa dawa ya kiberiti ili kulinda gia za malori. Dawa hiyo yaweza kuila shaba ya namna ile. Kama ningaliyanunua sokoni Bunia kwa nia njema, nikayatia, nikaharibu gurudumu, hatia yangu ingalikuwa ndogo sana, maana ni wangapi wanaojua hayo? Lakini kufungua kizibo nilijua. Nilifundishwa kwa mkono.

Wala msidhani kwamba neno hili ni la bustani tu. Hata serikali yaweza kuacha kufungua kizibo. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango mkubwa wa kulima karanga huko Kongwa, Tanganyika, ili kupata mafuta ya kupikia. Waliotumwa kuichunguza nchi walikaa wiki chache tu. Yakaletwa matrekta mengi yaliyokwisha tumika, mengine kutoka akiba za vita, yakapewa madereva waliofundishwa haraka, katika udongo ambao wakati wa kiangazi hukauka kama tofali. Mengi yaliharibika mwaka ule ule. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zilikuwa zimepotea. Wagogo wa pale, walioujua udongo huo na ukame wake, wangaliweza kuulizwa.

Nimefikiri sana katika makosa yangu lipi lilikuwa kubwa zaidi. Uvivu wa Jumamosi uliharibu chuma, na chuma hununuliwa. Neno "Yamekaguliwa" lilimharibu mtu. Kisha kimya changu siku ya hukumu kikalifunga jambo lote kama kile kizibo cha kutu. Kosa la kuacha lina tabia hiyo: halikai peke yake, huomba lingine lije kulifunika. Mtu huanza kwa kutofungua, huendelea kwa kuandika, humaliza kwa kunyamaza mbele ya mwenzake anayelia.

Jioni ya siku ile mzee aliponiuliza, nilikwenda kwa Padre na daftari mkononi. Aliisoma miezi yote mitano polepole, kisha akasema, "Meno ya gia yatanunuliwa, Mwalimu. Na mshahara wa kijana, atamrudishia nani?" Nikajibu kwamba ni mimi. Nimeulipa kwa mara tatu.

Lakini kijana hakuwapo tena. Alikuwa amekwenda Mongbwalu kuchimba dhahabu. Fedha nilimpelekea mama yake, na mara ya tatu yule mama alizipokea kwa mikono miwili, akazifunga katika pindo la kitenge, akaniambia, "Asante, Mwalimu. Fedha zimetimia. Lakini hapa kijijini bado wanasema mwanangu alivunja trekta la shule."

Nilimwomba radhi, nikamwuliza watu hukusanyika wapi siku ya Jumapili. Akanionyesha mwembe ulio karibu na kisima. Jumapili ijayo nitakwenda huko na daftari.