WASIA WA SHEIKH AHMAD

Ndugu zetu Waislamu,

Ni wachache kwetu pwani wasiopata kuuona waraka uitwao "Wasia wa Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume". Wasema kwamba Sheikh huyo amemwota Bwana Mtume (s.a.w.) akimwambia Kiyama ki karibu, atakayeueneza atatajirika, na atakayeupuuza atafikwa na msiba. Zamani ukinakiliwa kwa mkono. Leo waja katika simu.

Mwaka 1908, zama za Wajerumani, waraka namna hii ulifika Lindi ukawatia watu hofu. Sheikh Rashid Ridha aliukanusha katika jarida lake Al-Manar la Misri, na baadaye Sheikh Ibn Baz wa Saudia akaukanusha vilevile. Imepita miaka zaidi ya 100, na waraka bado waja kama kwamba umeandikwa jana!

Kwa nini basi watu wenye akili zao wausadiki? Twaona sababu tatu. Ya kwanza ni hofu: mtu hana dalili, lakini asema, "Heri niupeleke, kupeleka hakudhuru." Ya pili ni mapenzi: uongo umevishwa kanzu ya dini, naye aona haya kuukataa, asidhaniwe amemkataa Mtume. Ya tatu, ameletewa na mtu amwaminiye, wala hakumuuliza yeye aliupata wapi.

Nasi twasema, kupeleka kwadhuru. Kumzulia Mtume ni dhambi kubwa, na mwenye kueneza uzushi naye ana fungu lake. Tena mama aliyeuguliwa na mwanawe hudhani ugonjwa umeletwa na waraka aliouacha, hali uzima na riziki vi mkononi mwa Mwenyezi Mungu peke yake.

Katika Sura Al-Hujurat (49:6) tumeamrishwa tuihakikishe habari ya fasiki kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Maulamaa wa Hadithi wakimuuliza kila msimulizi: umeisikia kwa nani, naye ni mtu gani, mlikutana? Na ndoto ya mtu haiongezi sharia, kwani dini imekwisha kukamilishwa (5:3).

Basi ukijiwa na habari yoyote, ya dini au ya dunia, uliza maswali hayo. Isipokuwa na jawabu, na ikomee mkononi mwako.

Wabillahi tawfiq.